Altare ya kigango: kitambaa cheupe au cha rangi juu ya meza?

Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye kuzijua kazi za sakristia. Altare ya kigango ni ya saruji, bado haijawekewa vigae. Urefu wake sm 180, upana sm 80, kimo sm 95. Vitambaa vilivyopo ni vinne, vyote vya satini: kijani, zambarau, nyekundu na nyeupe. Kila kimoja hutandikwa moja kwa moja juu ya meza na kuning'inia pande zote nne hadi chini, halafu katikati huwekwa kipande cha lesi nyeupe kisichozidi ukubwa wa sinia. Satini inateleza, korporale (kitambaa kidogo kinachotandikwa chini ya kikombe na sahani ya hostia) haitulii, na unyevu wa saruji umeanza kuacha madoa.

Kamati ya liturujia imepata fedha kidogo ya kushona upya, na wajumbe hawajakubaliana. Wengine wanasema rangi ya kipindi ndiyo inayotakiwa kuonekana juu, wengine wanasema juu ni nyeupe tu. Kwa hiyo nauliza: kipi kiwe juu? Fedha isipotosha rangi zote, tuanze na ipi? Ninunue mita ngapi, na kitambaa cha aina gani? Tena kuna siku ambazo ubishi huwa uleule kila mwaka: Dominika ya Matawi, Ijumaa Kuu, Kristo Mfalme na Mashahidi wa Uganda. Mwenye kujua anieleze kwa vipimo na sababu, ili nikirudi kwenye kikao niwe na la kusema.

Msakristia wa Parokia

Milele na milele, amina.

Katekista, kwenye kikao anza na hili: nyeupe ni ya meza, rangi ni ya siku. Wajumbe wakilikubali hilo, nusu ya ubishi imekwisha.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma (kitabu cha Misa), namba 117 na namba 304, yanataka altare ifunikwe kwa kitambaa cheupe, walau kimoja. Hicho hakibadiliki, iwe Kwaresima iwe Pasaka. Ni kitambaa cha karamu ya Bwana, na mapokeo yamekiona pia kama sanda aliyozungushiwa kaburini. Zamani vilitakiwa vitatu vya kitani, kimoja juu ya kingine, na sababu mojawapo ilikuwa ya kazi kabisa: kalisi, yaani kikombe cha Misa, ikipinduka, kitani kiinywe Damu ya Kristo kabla haijafika kwenye jiwe. Siku hizi kimoja kinatosha, lakini sababu ile ingali hai. Satini ya nailoni au polista hainywi kitu. Divai ikimwagika hapo itakimbia mpaka ukingoni na kudondoka sakafuni. Kwa hiyo mpangilio wenu wa sasa una kasoro mbili: meza haina kitambaa chake, na kilichopo hakiwezi kufanya kazi ya kitambaa.

Kitambaa cha rangi mahali pake ni mbele ya altare, kikishuka kutoka ukingo wa meza kuelekea sakafu, na kitambaa cheupe kinakuja juu yake. Wengi hukiita antependio. Si cha lazima. Rangi inayolazimishwa ni ya mavazi ya padre, yaani kasula na stola, na maelezo yake yako namba 346. Kigango chenye kitambaa kimoja cheupe, safi, kilichopigwa pasi, kimetimiza kinachotakiwa hata kama hakina antependio hata moja. Waambieni waamini hilo, maana michango mingine inachangishwa kwa kuwatisha watu kwamba Misa haijakamilika.

Sasa rangi zenyewe. Nyeupe ni ya Noeli na Pasaka, sikukuu za Bwana zisizo za Mateso, Bikira Maria, malaika, na watakatifu wasio mashahidi. Nyekundu ni ya Mateso ya Bwana, Pentekoste, mitume na wainjili, na mashahidi: ni damu na ni moto. Yohane Mtume, tarehe 27 Desemba, ndiye anayewachanganya wengi kwa sababu yeye ni mtume lakini huvaliwa nyeupe. Zambarau ni ya Majilio, Kwaresima na Misa za marehemu. Nyeusi bado inaruhusiwa kwa marehemu pale ilipo desturi. Rangi ya waridi hutumika siku mbili tu kwa mwaka, Dominika ya 3 ya Majilio na Dominika ya 4 ya Kwaresima, nayo ni hiari: zambarau ikibaki hakuna kosa.

Kijani ni ya Kipindi cha Mwaka, yaani majuma yasiyo ya Majilio, Noeli, Kwaresima wala Pasaka, wiki 33 au 34. Watu huieleza kuwa ni rangi ya matumaini na ya uhai unaokua, na ni sawa. Ila maelezo ya zamani zaidi yana utamu wake. Lotario, aliyekuja kuwa Papa Inosenti III mwaka 1198, alieleza rangi nne zilizotumika Roma: nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani. Kijani aliiweka katikati, rangi iliyo kati ya nyeupe, nyeusi na nyekundu, kwa hiyo ikafaa siku ambazo si za furaha kuu wala za maombolezo. Zambarau aliihesabu upande mmoja na nyeusi. Misale ya Pius V ya mwaka 1570 ndiyo iliyozipanga rangi tano kwa Kanisa la Kilatini kwa ujumla.

Siku zenu za ubishi:

Dominika ya Matawi ni nyekundu, kwenye maandamano na kwenye Misa. Watu huacha zambarau kwa sababu Kwaresima haijaisha. Kweli haijaisha, na ndiyo maana Jumatatu, Jumanne na Jumatano za Juma Kuu mnarudi kwenye zambarau. Anayetundika nyekundu Jumamosi jioni apange kabisa nani ataishusha Dominika jioni. Alhamisi Kuu jioni ni nyeupe, na baada ya Misa altare inavuliwa kila kitu.

Ijumaa Kuu padre huvaa nyekundu, ila altare inabaki tupu: bila msalaba, bila mishumaa, bila kitambaa chochote. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kutaka kuipamba kwa nyekundu au nyeusi. Kitambaa cheupe hutandikwa wakati wa Komunyo tu, pamoja na korporale, kisha huondolewa. Nyeusi wanayoikumbuka wazee ni ya utaratibu wa zamani.

Kristo Mfalme ni nyeupe. Nyekundu inaingia kwa sababu watu wanafikiria vazi la kifalme. Utatu Mtakatifu, Ekaristi na Moyo Mtakatifu wa Yesu nazo ni nyeupe, kwa hiyo baada ya Pentekoste msikimbilie kijani mkaisahau kalenda. Hata Jumatatu inayofuata Pentekoste ina kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Kanisa tangu mwaka 2018, na ni nyeupe.

Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, tarehe 3 Juni: nyekundu.

Kwa Dominika na sherehe, rangi huanza kubadilika jioni ya siku iliyotangulia, kwenye Masifu ya Jioni ya kwanza. Kama mna Misa ya Dominika siku ya Jumamosi jioni, antependio ya Dominika iwe imeshatundikwa.

Mkianza kushona, mimi ningeanza na kijani kwa sababu ndiyo itakayokaa mbele ya watu zaidi ya nusu ya mwaka. Halafu zambarau, halafu nyekundu. Nyeupe iwe ya mwisho, na sababu yake ni rahisi: siku ya nyeupe, kitambaa cheupe cha altare kikiwa kimeshonwa vizuri kinajitosheleza. Waridi iacheni.

Fundi Cherehani

Msakristia amemaliza ya kanuni, nami nishike mkasi. Katekista, vipimo vyako ni sm 180 kwa 80 kwa 95, tutavitumia hivyohivyo.

Kitambaa cheupe. Bora kuliko vyote ni kitani halisi. Kikiwa ghali mno, chukua pamba tupu nzito, ile inayoshonwa mashuka mazuri. Mchanganyiko wa pamba na polista unavumilika kwa kitambaa kikubwa cha altare, lakini usiutumie kabisa kwa korporale na purifikatori (kitambaa cha kufutia kalisi).

Kishuke sm 60 kila mwisho: 180 jumlisha 120 ni sm 300. Ongeza pindo la sm 4 kila upande, inakuwa 308. Kitani kikifuliwa mara ya kwanza kinaweza kurudi hata asilimia 8, kwa hiyo nunua mita 3.4, chenye upana wa sm 150. Kwa upana: meza ni 80, kishuke sm 15 mbele na sm 5 nyuma, inakuwa 100, pamoja na pindo ni 108.

Kifue chote kwa maji ya moto na ukipige pasi kabla mkasi haujakigusa. Kosa linaloharibu vitambaa vingi vya altare ni hilo: kinakatwa kikiwa kipya, kinashonwa, kinapendeza Noeli, kinafuliwa Januari, na Februari kinaonyesha vigae vya pembeni. Baada ya kufua utakata sm 108 za upana na utabaki na ukanda wa kama sm 30 kwa urefu wote. Usiutupe. Humo zinatoka purifikatori 7 za takriban sm 27 kwa 40.

Kona zikunjwe kwa mshazari ili zisivimbe. Lesi ukipenda iwekwe kwenye kingo tu, isiwe juu ya meza panapokaa kalisi, kwa sababu nyuzi zake hunasa mguu wa kalisi.

Antependio. Usiining'inize kwenye kitambaa cheupe kwa pini. Shona kwanza kitambaa cha kushikilia: marekani nene, sm 178 kwa 78, kinalala juu ya saruji chini ya kile cheupe. Upande wa nyuma kiwe na mfuko unaoshuka sm 15, ndani yake upitishe nondo nyembamba iliyopakwa rangi ili isipate kutu. Uzito ule wa nyuma ndio unaoizuia antependio kuvuta kila kitu mbele. Ukingo wa mbele shonea mkanda wa kunata, na kila antependio iwe na mkanda wake wa upande wa pili. Kubadilisha rangi inakuwa kazi ya dakika 2, na meza haiguswi. Marekani hiyo pia itatenganisha cheupe na saruji.

Kwa kila rangi nunua mita 2 za kitambaa chenye upana wa sm 150, na mita 2 za bitana. Kata vipande viwili vya mita 1. Kimo ni 95, lakini kiishie sm 2 juu ya sakafu ili ufagio na maji ya deki visikiguse, kwa hiyo 93, na 7 zinazobaki ni za pindo la chini na mshono wa juu. Kipande cha kwanza kinakuwa katikati chote. Kwa kuwa altare ni 180 na kitambaa ni 150, kata kutoka kipande cha pili kanda mbili za sm 21, ushonee moja kila upande. Mshono wa kuunga usiwe katikati hata siku moja. Ukiwa katikati utaukata msalaba uliotariziwa na jicho la kila mtu litakwenda hapo. Ukitaka, funika miunganiko miwili kwa utepe wa dhahabu na itaonekana ndivyo ilivyokusudiwa.

Kilichobaki kwenye kipande cha pili ni kama sm 108 kwa 100. Hapo kata kitambaa cha mimbari sm 56 kwa 100, kikimalizika kina upana wa sm 50. Salio litoe velo ya kalisi, yaani kitambaa cha kuifunikia, ya sm 48 kwa 48. Kwa palla (kifuniko kigumu cha mraba juu ya kalisi) ya sm 15 na kalisi yenye kimo cha sm 16 itafika chini. Kalisi ikiwa ndefu zaidi, nunua sm 60 za ziada.

Satini nyepesi bila bitana hujikunja kama mkunjo wa pazia na inaonyesha kila kilicho nyuma yake. Tena jaribu kama inatoa rangi: chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua kipande cha nyekundu mara 20. Kikibadilika rangi, usikinunue, maana siku ya kunyunyiza maji ya baraka kitachora mstari mwekundu kwenye kitani chako. Zambarau nayo huharibiwa na jua. Ikikaa karibu na dirisha inageuka kahawia ya kunyauka. Ihifadhiwe imeviringishwa kwenye bomba la karatasi, bitana ikiwa ndani, si kukunjwa mara nne.

Katekista wa Kigango

Asanteni sana, Mungu awabariki. Fundi, hesabu ya kanda mbili imenifungua macho.

Naomba yafuatayo pia. Ufuaji: nani anafua korporale na maji yanamwagwa wapi? Madoa ya nta na divai yanatolewaje? Na wapambaji wa harusi wamezoea kuifunga altare kwa neti na riboni za rangi ya sherehe, tena Mei na Oktoba wanawake wanaleta kitambaa cha buluu kwa ajili ya Mama Maria. Tuwajibu nini?

Mama Sakristia

Katekista, nitachukua ya ufuaji, ya harusi nawaachia wengine.

Tenganisha makundi mawili. Kundi la kwanza ni vile vinavyogusa Ekaristi: korporale na purifikatori, pamoja na palla kama ni ya kufulika. Kundi la pili ni kitambaa kikubwa cha altare, manutergio (cha kukaushia mikono ya padre), alba (kanzu nyeupe) na vingine. Kundi la kwanza halitupwi kwenye beseni moja na nguo nyingine.

Hatua ya kwanza, loweka korporale na purifikatori kwenye beseni lililotengwa kwa kazi hiyo tu, maji ya baridi, bila sabuni. Usiikung'ute korporale nje ya mlango. Kama kuna chembe, ndimo zilimo. Fikicha taratibu kwa mikono. Maji hayo yamwagwe kwenye sakrario, yaani shimo la sakristia linalokwenda moja kwa moja ardhini, na kama kigango hakina, yamwagwe ardhini mahali pasipokanyagwa, chini ya mti au kwenye bustani ya kanisa. Hayaendi kwenye sinki wala mfereji wa choo. Waraka wa Redemptionis Sacramentum wa mwaka 2004, namba 120, unasifu kufanya hivyo. Baada ya hapo fua kwa sabuni kama nguo yoyote. Kitambaa kikubwa cha altare hakihitaji hatua hiyo, isipokuwa kama Damu ya Kristo imemwagika juu yake.

Purifikatori ibadilishwe kila baada ya Misa ikiwezekana, ndiyo maana 7 alizopata fundi si nyingi. Iliyokaa na unyevu kwenye kabati wiki nzima inaota ukungu mweusi wa vidoti, na ule hautoki.

Kupiga pasi: zote zipigwe zikiwa na unyevunyevu. Kitani kikikauka kabisa, mikunjo hainyooki hata kwa pasi kali. Korporale ipakwe wanga kidogo ili isimame na chembe zisipenye kwenye nyuzi. Purifikatori isipakwe wanga hata kidogo. Kazi yake ni kufyonza, na yenye wanga inateleza kwenye kalisi kama karatasi. Hili linachanganywa sana kwa sababu zote mbili ni nyeupe na zina msalaba.

Kukunja: korporale, ambayo kwa kawaida ni kama sm 50 kwa 50, inakunjwa mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu, miraba 9. Theluthi ya mbele inaingia ndani kwanza, kisha ya nyuma, halafu pande mbili. Kila mkunjo unaelekea ndani ili chembe zisianguke. Ndiyo sababu msalaba hutariziwa kwenye mraba wa katikati wa mbele, karibu na padre, na si katikati kabisa, kwani juu ya uzi wa kutarizi chembe hazionekani na patena, yaani sahani ya hostia, haikai sawa. Purifikatori inakunjwa mara tatu kwa urefu, kisha mara moja katikati.

Divai: usiisubiri ikauke. Maji ya baridi mara moja, kisha chumvi juu ya doa. Likiwa limekauka, tandaza kitambaa juu ya sufuria, kifunge kwa uzi, mimina maji yanayochemka kutoka juu kidogo yapite kwenye doa. Hiyo ni kwa kitani na pamba tu. Mapadre wengi wanapendelea divai nyeupe, na kwa mfuaji ni nafuu kubwa.

Nta: iache igande. Kwangua kwa mgongo wa kisu, si kwa makali. Weka karatasi isiyo na maandishi juu na chini, pitisha pasi ya moto wa wastani, hamisha karatasi kila inapolowa mafuta, mpaka isitoke tena. Gazeti lina wino, linahamisha habari zake kwenye altare. Mshumaa wa rangi unaacha rangi hata nta ikitoka, kwa hiyo juu ya altare tumia mishumaa ya nta isiyotiwa rangi, au simamisha vinara sakafuni pembeni. Hapo tatizo la nta linakwisha lenyewe.

Kutu ya pini: maji ya limau na chumvi, anika juani, suuza, rudia. Klorini usiipeleke kwenye kutu, inaikaza doa. Na hata kwenye madoa mengine isiwe mazoea: inakula nyuzi za kitani, zinageuka njano na kukatika kwenye mikunjo. Nyuzi za dhahabu kwenye taraza zikiguswa na klorini zinakuwa nyeusi.

Mlutheri wa Kaskazini

Bwana Yesu asifiwe. Naongezea upande wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), maana wapo wasomaji wetu humu na vitambaa vyetu hutumika kwa namna tofauti kidogo.

Kwetu kitambaa cha rangi kina uzito zaidi kuliko kwa Wakatoliki, na sababu yake iko kwenye vazi la mchungaji. Mwaka 1811 mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliagiza joho jeusi liwe vazi la wachungaji, na mapokeo ya Kijerumani yakalibeba joho hilo mpaka kwenye maeneo mengi ya misheni. Mchungaji akivaa jeusi mwaka mzima, siku haiwezi kusomeka mwilini mwake. Inasomeka madhabahuni na kwenye mimbari. Ndiyo maana usharika hata ule mdogo hujitahidi kuwa na seti kamili: madhabahu, mimbari, na meza ya kusomea. Hata pale mchungaji anapovaa kanzu nyeupe na stola ya rangi, vitambaa vimebaki na heshima ile.

Rangi nyingi tunaafikiana. Tofauti za kuangalia ni hizi. Ijumaa Kuu, Walutheri wengi hutumia nyeusi, au huacha madhabahu tupu, nyekundu siyo. Tarehe 31 Oktoba, Matengenezo ya Kanisa, ni nyekundu, kwa sababu Kanisa ni kazi ya Roho Mtakatifu, na nyekundu ya siku hiyo ni ileile ya Pentekoste. Jumapili baada ya Utatu ni kijani kwa mfululizo mrefu. Kwa kila wiki fuateni rangi iliyoandikwa kwenye kalenda ya Kanisa, msikisie.

Kitambaa cha mimbari kina kosa lake la pekee: kinashonwa kirefu kupita kiasi. Kikishuka zaidi ya theluthi mbili ya mimbari kinafanana na bendera, na upepo wa feni unakipeperusha wakati wa mahubiri. Weka fimbo nyembamba ya mbao au vipande vya risasi ya pazia kwenye pindo la chini. Alama iliyotariziwa iwe moja, kubwa, inayosomeka kutoka benchi la mwisho: msalaba, Alfa na Omega, njiwa, zabibu na ngano. Maandishi marefu ya aya nzima hayasomeki kwa mbali.

Waanglikana nao wana lao la kufurahisha kuhusu cheupe. Kitabu chao cha Sala cha mwaka 1662 kinaagiza meza wakati wa Ushirika iwe na kitambaa safi cheupe cha kitani. Kwa hiyo lile neno la msakristia, kwamba nyeupe ni ya meza, si la Wakatoliki peke yao.

Msakristia wa Parokia

Asante, ndugu Mlutheri, hilo la joho limeeleza jambo ambalo wengi tunaliona bila kulielewa.

Katekista, kuhusu buluu. Si rangi ya liturujia ya Kiroma kwa ujumla. Hispania na baadhi ya nchi zilizokuwa chini yake zina ruhusa maalumu kwa Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8 Desemba, lakini ruhusa hiyo haihamishwi. Siku za Bikira Maria altare na padre ni nyeupe. Lakini msiwakataze akina mama na kuishia hapo. Kitambaa chao cha buluu kina mahali pazuri, kwenye meza ya sanamu ya Mama Maria. Kipelekwe huko, kiwe kikubwa na kizuri, na altare ibaki na nyeupe yake.

Harusi. Ndoa ya Jumamosi mchana kwa kawaida ni nyeupe, basi tayari mnayo rangi ya sherehe. Ikifungwa ndani ya Misa ya Dominika, rangi ya Dominika ndiyo inayobaki. Wapambaji wapewe mipaka kwa maandishi pale wanandoa wanapoandikisha tangazo, si asubuhi ya siku yenyewe wakiwa wameshapanda ngazi. Ruhusuni mabenchi, lango, njia ya katikati, viti vya maharusi. Altare, mimbari na tabernakulo (sanduku la kuhifadhia Ekaristi) havifungwi neti wala riboni, na hakuna pini kwenye kitambaa chochote cha kanisa. Maua yawe ya kiasi, yakae sakafuni kuizunguka altare badala ya kurundikwa juu yake. Namba 305 ya Maelekezo inasema hivyo. Kwenye Kwaresima maua hayapambi altare kabisa, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu, kwa hiyo harusi ya kipindi hicho ielezwe mapema.

Juu ya meza viwepo vinavyohitajika tu. Kipaza sauti kiwe kidogo. Miwani, funguo, matangazo ya jumuiya na chupa ya maji ya kunywa vina meza ya pembeni.

Nyongeza kwa fundi: kuna wanaouliza kuhusu dhahabu. Siku kuu sana mavazi ya dhahabu au fedha yanaweza kushika nafasi ya nyeupe, nyekundu au kijani, lakini hayashiki nafasi ya zambarau wala nyeusi. Kama kamati itapata mfadhili, seti moja ya dhahabu inafaa Noeli, Pasaka na somo wa kigango, hata kama somo huyo ni shahidi.

Na kitenge: cha rangi nyingi hakifai kuwa antependio ya kipindi, kwa sababu aliye nyuma ya kanisa hawezi kusema ni kijani au ni nyekundu. Kitafaa kama rangi moja imetawala wazi na michoro ni ya kiasi. Chenye picha ya jubilei au sura ya mtu, kishoneeni sare za kwaya.

Katekista wa Kigango

Nimeelewa. Kikao ni Jumamosi. Nitapeleka pendekezo hili: mita 3.4 za kitani cheupe, mita 2 za marekani, mita 2 za kijani na bitana yake, na nondo moja. Zambarau isubiri hadi kabla ya Majilio. Lesi ya katikati inaondoka.

Fundi Cherehani

Ongeza mita 2 za mkanda wa kunata kwa kitambaa cha kushikilia, na mita 2 kwa kila rangi. Upande wenye ndoana, ule mgumu, ushonee kwenye marekani. Ule laini ndio uende kwenye antependio. Ukigeuza, ndoana zitachuna satini kila inapoviringishwa kuhifadhiwa.